Shawa Uliyonitumia na Mkono wa Akko Talaso

Isiolo,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Maitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto, nikiomba barua hii ikukute umeketi karibu na moto, goti lako la kushoto limetulia, na yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Akizaa ndama jike usimwahidi mtu mpaka nije nimwone. Sisi huku tuko wazima. Wajina wako mdogo amefikisha miezi mitatu na ameanza kucheka kwa sauti, anacheka hata mbuzi wakipita nje ya geti. Baba yake yuko barabarani na lori, alinipigia Alhamisi kutoka Moyale, anasema vumbi limemkausha koo lakini hana neno. Na dada yake Wangeci je, huko kwako anakusikiza? Usimwache akuzoee mpaka akatae kunirudia.

Najua utashangaa kuletewa barua na dereva wa basi wakati simu ipo. Lakini wewe, Maitu, simu ukiipokea unaiweka spika, na kabla sijafika katikati ya habari shangazi amesikia, jirani amesikia, na Jumapili kanisa zima linaombea jambo ambalo sijamaliza kulieleza. Hili nataka ulisome peke yako, ukiwa umevaa miwani. Mara tatu umeniuliza kama ile shawa inafanya kazi vizuri, na mara tatu nimekujibu iko sawa. Haikuwa sawa. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa naogopa, na hata sasa ninavyoandika bado naogopa. Mficha uchi hazai, basi acha nikwambie yote.

Unakumbuka ulivyosisitiza. Mtoto mchanga haoshwi kwa maji baridi, ulisema, hata kama ni Isiolo, hata kama jua limechoma mawe. Ukaenda mjini mwenyewe ukanunua shawa ya stima, ile nyeupe inayofungwa juu kwenye paipu na kupasha maji papo hapo, ukaiviringisha kwa kitenge na kuituma kwa basi. Ilipofika watu wa ploti yetu walicheka sana. Mama Fatuma, mshonaji anayekaa mlango wa pili, aliigeuza mkononi akaniuliza, "Mama Wangeci, unataka kupika maji yenye jua tayari imepika?" Nikamwambia sisi watu wa baridi tumezaliwa na maji moto na tutazikwa nayo. Fundi akaja akaifunga. Nikamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akalala kama mtu aliyelipwa mshahara, nami nikakushukuru moyoni.

Siku ya nne taabu ikaanza. Nikiwasha shawa, stima inapotea. Na ujue ploti yetu ni milango minne yenye mita moja, mita yenyewe iko kwenye boksi pale baraza ya mwenye nyumba. Ndani ya boksi kuna swichi ndogo nyeusi ambayo mafundi wanaiita breka. Stima ikiwa na kasoro, breka inajikata yenyewe na ploti nzima inakaa bila kitu mpaka mtu aende kuirudisha. Kwa hivyo nikifungua shawa yangu, mashine ya Mama Fatuma inasimama katikati ya mshono, feni ya mwenye nyumba inanyamaza, na mimi natoka bafuni na povu masikioni kwenda kurudisha breka huku watu wananitazama. "Mama Wangeci, umeanza tena?" Mama Fatuma anapaza sauti. Mara ya kwanza ilikuwa utani. Mara ya kumi haikuwa utani tena.

Nilijaribu kutafuta sababu kwa akili yangu. Siku moja nilichomoa kila kitu nyumbani, friji, pasi, birika la stima, hata chaja ya simu, nikawasha shawa peke yake. Breka ikajikata. Nikazima shawa nikarudisha vingine vyote pamoja, na breka ikatulia tu. Hapo nilijua mwenye makosa ni shawa, lakini sikutaka kuamini. Ilikuwa mpya, na ilitoka kwako. Nikajiambia labda breka ndiyo mbovu, maana ni ya zamani na shawa ni ya juzi.

Sasa sikiliza nililofanya. Nilimwita yule fundi aliyeifunga. Akafungua boksi, akaigonga breka kwa bisibisi, akasema, "Hii ni kali sana, inasumbua bure. Nikupitishie waya kando yake?" Nikamwambia pitisha. Sikuuliza swali hata moja, Maitu. Nilimwambia pitisha, fanya haraka, nimechoka kuaibika mbele ya watu. Kwa dakika kumi akawa ameunga waya wa kupitisha stima kando ya breka, na tangu siku hiyo stima haikupotea tena. Mama Fatuma aliniletea sambusa. Nilijiona mwerevu.

Sijakueleza vizuri kuhusu mwenye nyumba. Ni mama mzee wa Kiborana, jina lake Talaso, na sisi wapangaji wote tunamwita Akko, ndivyo Waborana wanavyomwita nyanya. Nilipotoka hospitali na mtoto ndiye aliyenipokea getini. Ananiletea maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, ananibebea mtoto nikifua, ananisalimu "nagaa" nami namjibu "nagaa", na hapo Kiborana changu kimeisha. Huku hakuna aliyenikalia kama mama isipokuwa yeye. Nakwambia hivi ili ujue ni nani tuliyekaribia kumpoteza.

Katikati ya uwanja wa ploti kuna mfereji wa chuma. Pale ndipo Akko anapotawadha kabla ya swala. Anavua viatu, anakunja mikono ya dera, anasimama miguu mitupu kwenye simiti iliyolowa na kufungua mfereji kwa mkono wa kulia. Nimemwona akifanya hivyo kila siku tangu nihamie, hata sikuwa namtazama tena. Lakini kama wiki moja baada ya fundi kuondoka, nikaona swala ya alasiri Akko anakawia pale. Anashika mfereji, anafumba macho, anatulia hivyo, kisha anatoa mkono polepole na kuutazama. Uso wake ulikuwa na furaha ya siri, kama mtu aliyepata barua na hataki kuonyesha. Siku nyingine niliona vidole vyake vinatetemeka akinipokea mtoto. Nikamwuliza kama ni presha, nikajitolea kumpeleka kliniki. Akakataa. "Niko sawa, mwanangu. Iko kitu moja tu nashukuru Mungu, lakini si ya kuambia watu." Nikadhani ni mambo ya watoto wake walioko Merti. Sikuchimba.

Wakati huo mimi nilikuwa na desturi yangu. Jua likianza kulegea, kama saa kumi, naingia bafuni na mtoto. Nawasha shawa, najaza karai la plastiki, naizima, namwosha mtoto. Akishalala naiwasha tena naoga mimi. Kila siku saa hiyohiyo, na malapa yangu ya mpira miguuni kwa sababu ile sakafu inateleza.

Jumanne ya wiki juzi mtoto alikuwa amelala, nami nilikuwa chini ya shawa nikijisugua. Nikasikia Mama Fatuma anapiga kelele uwanjani, lakini maji yalikuwa yananizibia maneno. Nilifikiri anateta na wauza miraa wanaoegesha gari getini. Nilitaka nimalize kuoga kwanza. Kisha nikasikia kama jina langu, nikanyoosha mkono nikazima shawa ili nisikie vizuri. Na pale pale nikasikia kitu kizito kimeanguka nje.

Nilitoka nimejifunga leso. Akko alikuwa chini kwenye simiti, macho wazi, midomo imepauka, na ule mkono wa kulia umekunjamana kifuani kama mguu wa ndege. Mama Fatuma alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, mikono kichwani. "Alishikwa. Nimeita, nimeita, hawezi kuachilia mfereji. Nilitaka kumshika nikaogopa, nikafikiri ni jini." Nilipiga magoti nikamwita Akko, Akko, na hakujibu. Maitu, nilimwomba Mungu kwa sauti mbele ya watu wote, mimi ambaye hata kwenye kikundi cha kina mama ninaona haya kuomba.

Alipumua. Tulimweka kwenye tuktuk tukampeleka hospitali, na kule walisema moyo unapiga bila mpango, huenda ni presha, huenda ni jua, alale siku moja. Alilala siku moja, akarudi anatembea na bakora. Kila mtu alikubali kwamba ni presha. Na mimi nilikubali.

Siku iliyofuata nilienda kumkalia mchana, mtoto mapajani. Akaniuliza kama mlango umefungwa. Kisha akaniambia siri yake. Tangu utotoni wamefundishwa kwamba mtu akitawadha kwa moyo safi, dhambi za mikono zinatoka pamoja na maji. Amekuwa akiamini hivyo maisha yake yote bila kuona chochote. Lakini mwezi huu, uzeeni, amejaliwa kuzisikia zikitoka. Anashika mfereji, na vidole vinaanza kuchezacheza ndani kama sisimizi, mpaka kwenye kiwiko. Hakumwambia mtu kwa sababu ibada ukiitangaza inageuka kuwa majivuno. "Ile siku ya Jumanne zilikuwa mingi sana, Mama Wangeci," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Zilinishika mimi, zikakataa kutoka."

Nikamwuliza, taratibu, nisije nikamshtua, "Akko, hiyo sisimizi inakuja swala zote?"

"Hapana. Adhuhuri hakuna. Magharibi hakuna. Ni alasiri pekee. Nafikiri alasiri iko na baraka yake."

Nilimrudishia tabasamu, nikamfunika shuka vizuri, nikatoka. Nilipofika chumbani kwangu nilikaa chini sakafuni na mtoto. Nilikuwa nimekumbuka kwamba alasiri ndiyo saa yangu ya shawa, kwamba Jumanne niliizima, na kwamba hapo hapo ndipo alipoanguka. Maitu, nilitaka nimalize kuoga kwanza. Kama ningemaliza, kama ningejipaka sabuni mara moja zaidi, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Wazo hilo linanijia nikipika, linanijia nikinyonyesha.

Asubuhi nilimtafuta fundi mwingine, si yule. Nilielekezwa kwa Ekiru, Mturkana wa Ngaremara, mtu wa polepole ambaye hasemi neno mpaka ameona. Nilingoja Akko amelala ndipo nikamwingiza. Alinituma niwashe shawa, akaenda uwanjani na testa, ile bisibisi yenye taa ndani. Akaigusisha kwenye mfereji. Taa ikawaka. Akaniambia nizime, taa ikazima. Niwashe, ikawaka. Alirudia mara nne, nami kila mara nilikuwa natumaini isiwake.

Kisha akaishusha shawa na kuifungua mezani. Ndani, ule waya wa kupasha maji ulikuwa umeliwa na umegandwa na unga mweupe kama sufuria zetu za chai. Unajua maji ya huku ni ya kisima, yana chumvi. "Hii ni ya maji tamu," Ekiru akasema. "Maji chumvi iko na shawa yake. Hii chumvi imekula mpaka stima inatembea ndani ya maji, inaingia paipu. Na paipu yako ni chuma mpaka kwa mfereji." Akanionyesha pia kwamba waya wa kijani, ule unaotakiwa kushuka ardhini kuondoa stima iliyopotea njia, ulikuwa umekunjwa tu juu ya dari na haujaungwa popote. Ndiyo maana stima ilimngoja mtu mwenye miguu mitupu.

Mwisho akafungua boksi la mita. Akauona ule waya wa kando, akanigeukia. "Nani alisema hii iwekwe?"

"Ni mimi."

"Mama, hii breka haikuwa na makosa. Ilikuwa inakata ndio mtu asikufe."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliutoa ule waya, akaweka breka mpya kwa kuwa ile imezeeka, akachimbia chuma ardhini karibu na tangi la maji na kuunga waya wa kijani. Shawa yako iko ndani ya kiboksi chini ya kitanda. Tafadhali usijilaumu. Wewe ulinunua kwa upendo, na wala muuzaji hakukuuliza maji ya binti yako ni ya aina gani. Kosa la chumvi si lako. Kosa la waya ni langu. Sasa hivi napasha maji ya mtoto kwa jiko, na anaoga vizuri tu.

Ekiru alipokuwa anafunga vyombo nilimwuliza kama atamwambia mwenye nyumba. Akasema, "Mimi nimemaliza ya stima. Ya kuongea ni yako."

Siku mbili sikuongea. Nitakuambia ukweli, nilipanga nisiseme kabisa. Mfereji umetengenezwa, Akko anapona, kila mtu anajua ni presha, kwa nini nijichome? Niliona akilini Akko akinifukuza na mtoto mchanga. Niliona ploti nzima ikisema mpangaji wa kutoka nyanda za juu alimchoma bibi wa watu kwenye maji ya swala. Usiku wa kwanza sikulala. Lakini wa pili nilimsikia akimwambia Mama Fatuma kwamba akipata nguvu atarudi mferejini alasiri, aone kama ile neema bado ipo. Atarudi, akose sisimizi wake, afikiri Mungu amemkasirikia. Hapo nilishindwa kunyamaza.

Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilianza na shawa, nikaja kwenye breka, nikamaliza na maneno niliyomwambia yule fundi. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilingoja anifukuze. Alitazama mkono wake wa kulia muda mrefu, akaugeuza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo hizo dhambi bado niko nazo?"

Nililia. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, hayo siyajui, lakini kama maji yanaziondoa basi huenda yanaziondoa bila kuuma. Akauliza, "Kwa nini ulitaka breka itolewe?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilichoka watu wakinitazama. Akatikisa kichwa. "Aibu," akasema. "Aibu ilitaka kuniua." Kisha akafunga macho nikadhani amelala. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Kuhama si lazima. Lakini mimi alasiri sishiki hiyo mfereji mpaka wewe ushike kwanza. Bila viatu."

Kesho yake saa kumi alitoka na bakora yake na kusimama barazani. Mama Fatuma naye akaacha mashine akasimama. Nilijua hakuna shawa tena. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu testa imekaa bila kuwaka. Nilijua yote hayo, na bado nilipovua malapa na kukanyaga ile simiti iliyolowa, nilirudi nyuma hatua moja. Nilimpa Mama Fatuma mtoto, sikutaka niwe nimembeba. Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Nikaunyoosha tena nikaushika mfereji wote, nikafungua.

"Iko kitu?" Akko akauliza.

"Hakuna kitu, Akko."

"Hakuna kitu," akarudia, na sijui kama alifurahi au alihuzunika. Akaja akatawadha.

Swala zingine anashika mwenyewe bila kuniuliza, ingawa stima kama ingekuwepo ingemkuta saa yoyote. Alasiri ndiyo anayoiogopa, na kila alasiri ananiita. Leo ni siku ya saba. Nilidhani nitazoea, lakini kila siku naogopa kama ile ya kwanza. Likizo yangu ya uzazi, niliyoiunga na ya mwaka, inaisha mwezi ujao, na nimeshaenda kwa mkubwa wangu ofisini kuomba niwe natoka mapema kidogo. Hakuelewa ni kwa nini, nami sikumweleza.

Niombee, lakini kwa sauti ya chini. Msalimie baba, mwambie kikohozi hakitibiwi kwa tumbaku. Msalimie kaka Mwangi na mkewe, na shangazi yangu msikizaji wa simu, na umkumbatie Wangeci mpaka alalamike. Mama Fatuma anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema ukija ulete viazi, si vitu vya stima.

Mtoto amelala na jua limelegea. Nasikia bakora ya Akko barazani. Ameniita mara moja, na hapendi kuita mara mbili. Wacha nivue malapa niende nikashike.

Ni mimi binti yako,
Njeri, Mama Wangeci